Orville Wright na Vyombo vya Kupimia Safari ya Ndege

Jaribu mchezo huu pamoja na rafiki yako katika uwanja wa shule. Simama kwenye lango moja la mpira, litazame vizuri lango la pili, kisha ufungwe kitambaa machoni. Tembea kuliendea lango hilo huku ukihesabu hatua zako. Ukisha kwenda hatua 20, simama ukadirie umefika wapi, kisha ufungue macho. Huenda ukawa karibu na mahali ulipodhania. Rudia tena, lakini sasa uende hatua 60. Safari hii utakapofungua macho utashangaa, kwa maana utakuwa umepinda upande wa kulia au wa kushoto, nawe hukutambua. Kosa dogo la hatua ya kwanza limeongezewa kosa dogo la hatua ya pili, na la hatua ya tatu, mpaka limekuwa kosa kubwa.

Rudia mara ya tatu. Sasa rafiki yako asimame kwenye lango unaloliendea, na kila baada ya hatua zako 10 apige makofi mara moja. Makofi hayakuambii umekwenda umbali gani. Yanakuambia upande tu. Hesabu ya hatua nayo haikuambii upande. Inakuambia umbali tu. Lakini ukivitumia vyote viwili pamoja utafika langoni.

Rubani anayeijaribu ndege mpya yu katika hali kama hiyo ya mtu aliyefungwa macho. Huko juu hakuna mawe ya barabarani ya kuhesabia kilomita, wala hakuna miti ya karibu ya kumwonyesha kwamba anakwenda upesi au polepole. Isitoshe, hewa inayomchukua nayo inatembea, na inaweza kumsukuma kando bila yeye kuhisi lolote. Walakini mafundi walioitengeneza ndege hiyo wanangoja majibu kamili. Ilikwenda umbali gani? Kwa muda gani? Kwa kimo gani? Kwa mwendo gani? Wasipoyapata majibu hayo hawawezi kujua kama ndege yao itawafikisha abiria salama au itawaua.

Katika sura hii utasoma maisha ya Orville Wright, ambaye mwaka 1903 aliruka kwa ndege yenye injini iliyoongozwa na rubani, jambo ambalo yeye na kaka yake Wilbur walikuwa wa kwanza kulifaulu. Kuruka kwake kunajulikana duniani kote. Sisi tutatazama zaidi jinsi alivyopima.

Utoto wake

Orville alizaliwa tarehe 19 Agosti, 1871, katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Wilbur alimtangulia kwa miaka 4. Baba yao, Milton Wright, alikuwa askofu, na mara nyingi alikuwa safarini kwa kazi za kanisa lake. Mama yao, Susan, alikuwa hodari wa kazi za mikono. Ndiye aliyewatengenezea watoto wake vitu vya kuchezea, na ndiye waliyemwendea kila walipotaka shauri juu ya chombo fulani.

Mwaka 1878 baba yao alirudi kutoka safari akiwa na zawadi. Ilikuwa kitu kidogo cha kuchezea kilichotengenezwa kwa vijiti na karatasi, kikazungushwa kwa ukanda wa mpira uliosokotwa. Kilipoachiliwa kilipaa hadi darini. Watoto hao walikichezea mpaka kikavunjika, kisha wakaanza kutengeneza vingine vya namna ile. Wakaona jambo la ajabu: kila walipokiongeza ukubwa, ndivyo kilivyozidi kushindwa kuruka. Kwa nini? Hawakuweza kulijibu swali hilo wakati ule.

Orville hakuimaliza shule ya sekondari. Usidhani kwamba alikuwa mvivu wa kusoma, kwani nyumba yao ilijaa vitabu naye alivisoma. Alijenga mashine ya kupiga chapa, akafungua kazi ya uchapaji. Mwaka 1892 yeye na Wilbur walifungua duka la baiskeli. Walizitengeneza zilizoharibika, na baadaye wakaunda baiskeli zao wenyewe na kuziuza. Fedha walizozipata ndizo zilizogharimia majaribio yao yote ya kwanza. Tena baiskeli iliwafundisha somo kubwa, kwamba chombo kisichosimama peke yake kinaweza kwenda vizuri kikiwa na mwendeshaji anayekisawazisha kila wakati.

Hesabu zilizokataa

Mwaka 1896 habari zilifika kutoka Ujerumani kwamba Otto Lilienthal amefariki. Huyu alikuwa mhandisi aliyejifungia mabawa makubwa na kuruka kutoka juu ya vilima, mara zipatazo 2,000. Siku moja ya Agosti upepo ulimpindua, akaanguka akavunjika, na kesho yake akafa. Mwaka huo huo Orville aliugua homa ya matumbo hata ndugu zake wakahofu kwamba hataishi. Alipopona, fikira za kuruka zilikuwa zimekwisha ingia katika nyumba ile, na mwaka 1899 Wilbur akaandika barua kuomba vitabu vyote vilivyohusu kuruka.

Lilienthal alikuwa ameacha majedwali ya hesabu yaliyoonyesha bawa la umbo fulani litainua uzito gani. Ndugu hao waliyafuata majedwali hayo kwa uangalifu. Wakajenga ndege zisizo na injini, wakazipeleka Kitty Hawk, kijiji cha pwani katika jimbo la North Carolina. Walipachagua mahali hapo kwa sababu palikuwa na upepo mwingi wa kuinua mabawa, na mchanga laini wa kuangukia.

Mwaka 1901 ndege yao ilikataa kuzitii hesabu. Iliinua uzito mdogo sana kuliko ule uliotajwa na majedwali. Walirudi nyumbani wamevunjika moyo.

Ungefanya nini kama ungekuwa wao? Wengine wangesema kwamba mikono yao haikujenga vizuri, wakaiacha kazi. Wengine wangeongeza ukubwa wa mabawa kwa kubahatisha. Orville na Wilbur waliamua kupima upya, hata yale yaliyoandikwa na wakubwa wao. Kwanza walichukua baiskeli, wakafunga gurudumu la tatu likiwa limelala juu ya usukani, na pembeni mwa gurudumu hilo wakaweka kipande cha bawa na kibao bapa. Wakapanda baiskeli hiyo na kuiendesha kwa nguvu barabarani ili upepo ushindane na vitu hivyo viwili. Gurudumu liliwaonyesha kwamba hesabu za zamani zina kosa. Halikuweza kuwaonyesha kosa ni kubwa kiasi gani.

Ndipo wakajenga sanduku la upepo. Lilikuwa la mbao, lenye urefu wa karibu mita 2 na upana wa sentimita 40 hivi, na upande mmoja palikuwa na pangaboi la kuvumisha hewa. Ndani yake waliweka mizani ndogo iliyotengenezwa kwa vipande vya msumeno wa chuma na spoki za baiskeli. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1901 walipima mabawa madogo ya maumbo mengi, yapatayo 200. Ukiona vifaa vya maabara ya shule yako ni vichache, wakumbuke watu hawa na spoki zao. Waligundua kwamba kosa kubwa halikuwa la Lilienthal hasa. Lilikuwa katika tarakimu moja ya kale ya kukadiria nguvu ya upepo, ambayo wahandisi walikuwa wameitumia kwa zaidi ya miaka 100 wakirithishana.

Mwaka 1902 walijenga ndege isiyo na injini kwa hesabu zao wenyewe, nayo ikaruka mamia ya mara.

Tarehe 17 Desemba, 1903

Sasa walikuwa tayari kutia injini. Ndege yao mpya ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yenye urefu wa mita 12 kutoka ncha hadi ncha. Fundi wao, Charles Taylor, alikuwa amewaundia injini yenye nguvu za farasi 12. Injini hiyo ilizungusha rafadha mbili kwa minyororo kama ile ya baiskeli. Rubani hakuwa na kiti, bali alilala kifudifudi katikati ya bawa la chini.

Lakini tunataka uviangalie vitu vitatu vidogo ambavyo wasimulizi wengi huvisahau. Cha kwanza kilikuwa kipima-upepo, chenye pangaboi jepesi lililozungushwa na hewa, likahesabu mita ngapi za hewa zimepita. Cha pili kilikuwa saa ya kuanzishwa na kusimamishwa kwa kidole, kama ile inayotumiwa katika mashindano ya mbio. Cha tatu kilikuwa chombo kilichohesabu mizunguko ya injini. Vyote vitatu vilifungwa ndani ya ndege. Rubani aliposukuma wenzo mmoja mwisho wa safari, injini ilizimika na vyombo vyote vikasimama papo hapo. Kwa nini wakafanya hivyo? Kwa sababu vyombo vitatu visiposimama pamoja, kila kimoja kitakuwa kinasimulia safari yake, nawe hutaweza kuvilinganisha.

Tarehe 14 Wilbur alijaribu kwanza. Ndege iliinua pua kupita kiasi, ikaanguka baada ya sekunde tatu na nusu. Waliitengeneza kwa muda wa siku mbili. Asubuhi ya tarehe 17 ilikuwa zamu ya Orville. Baridi ilikuwa kali, na maji ya madimbwi yalikuwa yameganda. Watu watano tu walikuja kushuhudia, na watatu kati yao walikuwa walinzi wa pwani ambao kazi yao ilikuwa kuwaokoa mabaharia. Ilipopata saa 4.35 asubuhi, Orville aliifungua kamba. Ndege ikateleza juu ya reli ya mbao, Wilbur akikimbia kando yake huku akilishika bawa, kisha ikapaa.

Ilikaa hewani sekunde 12 hivi, ikatua mchangani umbali wa karibu mita 37. Tunasema sekunde 12 hivi kwa sababu saa haikusimamishwa mara moja, na ule wenzo wa kuzimia injini ulivunjika wakati wa kutua. Orville aliandika jambo hilo waziwazi katika daftari yake siku ile ile. Angeweza kuinyamazia hitilafu hiyo, wala hakuna ambaye angemsuta.

Chukua daftari yako tuhesabu pamoja. Ndege ilipita karibu mita 37 juu ya mchanga kwa sekunde 12. Ukigawanya utapata karibu mita 3 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na ndiyo maana Wilbur aliweza kukimbia kando yake. Je, ndege ile ingeweza kuelea kwa mwendo mdogo hivyo? Haiwezekani. Sasa utazame upepo. Kabla ya safari, ndugu hao walipima upepo kwa kipima-upepo cha mkononi wakapata mita 11 hadi 12 kwa sekunde, nao ulikuwa ukivuma kutoka mbele. Basi mabawa yalikutana na hewa kwa mwendo wa mita 3 na mita 11, jumla mita 14 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 12. Ndege iliyopita mita 37 tu juu ya mchanga ilikuwa imepenya hewa ya zaidi ya mita 160.

Ikiwa umekulia kando ya mto utalielewa jambo hili upesi. Mtu apigaye kasia kupandia mkondo wa maji hutoka jasho jingi, lakini akitazama miti ya ukingoni huona amesogea kidogo tu. Maji aliyoyapita ni mengi; ardhi aliyoipita ni kidogo. Mabawa ya ndege, kama kasia, huijua hewa tu, wala hayana habari ya ardhi.

Siku ile waliruka mara nne kwa zamu. Katika safari ya nne, karibu na saa sita mchana, Wilbur alikwenda mita 260 kwa sekunde 59. Gawanya tena, utapata karibu mita 4.4 kwa sekunde. Upepo ulikuwa umepungua ukawa mita 9 hadi 10. Jumlisha. Umepata nini? Umepata karibu mita 14 kwa mara nyingine. Safari hizi mbili zilitofautiana sana kwa urefu, tena upepo haukuwa mmoja, lakini mwendo wa ndege katika hewa ulikuwa karibu ule ule. Majibu yanapokubaliana hivyo kutoka njia mbalimbali, mpimaji hupata nguvu ya kuyaamini.

Ndugu hao walikuwa na shahidi mwingine. Kijijini Kitty Hawk, kilomita kadhaa kutoka pale, palikuwa na kituo cha serikali cha kupimia hali ya hewa. Kituo hicho kiliandika kwamba wakati wa safari ya kwanza upepo ulikuwa na mwendo wa karibu mita 12 kwa sekunde, na wakati wa safari ya mwisho karibu mita 11. Tarakimu hizo hazikulingana kabisa na zao, lakini hazikuachana mbali.

Baada ya safari ya nne upepo mkali uliipindua ndege ikiwa imesimama chini, ukaivunja. Haikuruka tena kamwe.

Ajali

Miaka miwili iliyofuata waliendelea na majaribio katika malisho ya ng'ombe karibu na Dayton, na mwezi Oktoba, 1905, Wilbur aliruka kwa dakika 39 bila kutua. Jeshi la Marekani likataka kununua ndege yao, lakini kwa sharti kwamba ijaribiwe na kupimwa mbele ya maofisa wake.

Majaribio hayo yalianza Fort Myer, karibu na mji wa Washington, mwezi wa Septemba, 1908. Wilbur alikuwa Ufaransa, hivyo Orville alikuwa peke yake. Tarehe 17 alipaa pamoja na luteni kijana aliyeitwa Thomas Selfridge. Walipokuwa wakizunguka uwanja, Orville alisikia mgongano nyuma yake. Akazima injini, akajaribu kuishusha ndege polepole, lakini haikumtii tena. Ikaanguka kwa pua. Selfridge alikufa jioni ile, naye alikuwa mtu wa kwanza kufa katika ajali ya ndege yenye injini. Orville alivunjika paja na mbavu. Dada yake, Katharine, aliacha kazi yake ya ualimu akaja kumwuguza hospitalini kwa wiki nyingi.

Hata akiwa kitandani Orville alitaka kujua sababu. Vipande vya ndege vilichunguzwa, ikaonekana kwamba rafadha moja ilikuwa imepata ufa. Rafadha yenye ufa ikawa inatetemeka, ikaugonga waya ulioushika usukani wa nyuma, na usukani ukalegea. Katika ndege ile hapakuwa na chombo chochote cha kumwonya rubani juu ya mtetemeko. Leo ndege zinazojaribiwa huwekewa vyombo vingi vya kupimia mitetemeko, kwenye mabawa, kwenye mkia na kwenye injini.

Kwenda na kurudi

Mwaka uliofuata Orville alirudi Fort Myer, akichechemea, pamoja na Wilbur. Masharti ya jeshi yalikuwa magumu. Ndege ilitakiwa ikae hewani saa nzima ikiwa na watu wawili. Tarehe 27 Julai, 1909, Orville alikaa hewani saa 1, dakika 12 na sekunde 40. Sharti jingine lilihusu mwendo, na mwendo ulikuwa na fedha ndani yake. Bei ilikuwa dola 25,000 kama ndege ingefikisha maili 40 kwa saa, yaani kilomita 64 hivi. Kila maili iliyozidi ingeongezewa dola 2,500. Bila shaka unaona kwamba kosa dogo la kupima lingemwonea mmoja wao, ama muuzaji ama mnunuzi.

Sasa, utaupimaje mwendo wa ndege ikiwa upepo unavuma? Ikienda na upepo itaonekana hodari kuliko ilivyo. Ikienda dhidi yake itaonekana dhaifu. Rudi kwenye mto wetu. Tuseme mpiga kasia huenda kilomita 6 kwa saa katika maji yaliyotulia, na mkondo huenda kilomita 2 kwa saa. Akishuka na mkondo atakwenda 8, na akipanda atakwenda 4. Jumlisha 8 na 4, ugawanye kwa 2, utapata 6. Mkondo umejifuta wenyewe. Maofisa waliagiza ndege ifanye vivyo hivyo: iende kilomita 8, izunguke kilima, irudi.

Tarehe 30 Julai Orville alipaa pamoja na Luteni Benjamin Foulois. Mtazame afisa huyu alivyopakiwa mizigo. Shingoni alining'iniza saa mbili za kupimia muda. Dira ilifungwa kwenye paja lake la kushoto. Barometa ilifungwa kwenye paja la kulia, na mkoba wa ramani ukaning'inia mkandani. Hapakuwa na ubao wa vyombo mbele yake. Yeye mwenyewe alikuwa ubao huo. Dira ilimwonyesha upande. Barometa ilimwonyesha kimo, kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua kadiri unavyopanda. Saa zilimwonyesha muda, na ramani ilimwonyesha mahali. Ukimnyang'anya chombo kimoja, safari ingekuwa na pengo. Na chini uwanjani maofisa wengine walishika saa zao, wakapima ndege ilipovuka mstari ikienda na ilipouvuka ikirudi.

Katika kwenda ndege ilipata kilomita 60.7 kwa saa. Katika kurudi ilipata kilomita 76.3. Jumlisha ugawanye kwa 2: ni kilomita 68.5 kwa saa, yaani zaidi ya maili 42. Ndugu hao walilipwa dola 30,000. Mwanafunzi mwerevu ataniuliza kwa nini hatukugawanya kilomita zote kwa muda wote. Tukifanya hivyo tutapata 67.6, pungufu kidogo, kwa sababu ndege ilikawia muda mrefu zaidi ilipokuwa ikishindana na upepo kuliko ilipokuwa ikisaidiwa nao. Njia hiyo ingeiadhibu ndege kwa makosa ya upepo.

Timazi na pia

Wilbur alifariki tarehe 30 Mei, 1912, kwa homa ya matumbo, ugonjwa ule ule uliokaribia kumwua Orville miaka 16 kabla yake. Orville aliendelea na kazi peke yake. Mwaka 1913 alionyesha chombo cha kuisawazisha ndege bila mikono ya rubani. Ndani yake mlikuwa na timazi, kama ile ya mwashi, iliyotambua bawa likiinama upande mmoja. Palikuwa pia na kibao chepesi kilichoelea katika upepo, ambacho kilitambua pua ikipanda au ikishuka. Timazi peke yake isingejua habari za pua, wala kibao kisingejua habari za mabawa. Chombo hicho kilimpatia Orville tuzo kubwa ya urubani nchini mwake.

Walakini hakikudumu. Timazi ndani ya ndege inayokata kona husukumwa upande, kama wewe unavyosukumwa ndani ya basi lipitapo kwenye kona, basi ikatoa habari za uongo. Mwaka 1914 kijana Mmarekani, Lawrence Sperry, alionyesha huko Ufaransa chombo kilichotumia pia zinazozunguka. Umecheza pia, nawe wajua kwamba ikizunguka upesi haikubali kupinduliwa. Chombo cha pia ndicho kilichoshinda.

Orville aliacha kuendesha ndege mwaka 1918. Alishiriki kwa miaka mingi katika kamati ya taifa iliyosimamia uchunguzi wa ndege. Mwezi Aprili, 1944, alipandishwa katika ndege kubwa ya injini nne aina ya Lockheed Constellation, akaruhusiwa kuushika usukani kwa muda mfupi. Mabawa ya ndege hiyo, kutoka ncha hadi ncha, yalikuwa marefu kuliko safari yake ya sekunde 12. Alifariki Dayton tarehe 30 Januari, 1948, akiwa na umri wa miaka 76.

Majaribio ya siku hizi

Ndege mpya inapojaribiwa leo hubeba vyombo vingi mno, kuliko vile vilivyofungwa mapajani mwa Luteni Foulois. Puani au bawani hutokeza mrija mwembamba wa kupimia kanieneo ya hewa, ambao hutoa habari za mwendo na kimo. Ndani mna vyombo vinavyohisi kila mgeuko na kila msukumo, mara nyingi katika sekunde moja. Juu sana ziko setilaiti zinazotuma ishara ambazo ndege huzitumia kujua mahali ilipo. Na chini, rada na kamera huweza kuifuata.

Ukumbuke mchezo wetu wa kitambaa. Vile vyombo vya ndani vinavyohisi misukumo ni kama mtu anayehesabu hatua: ni vyepesi na havinyamazi, lakini kosa lake huongezeka dakika hata dakika. Ishara za setilaiti ni kama makofi ya rafiki: huja kwa nafasi, na pengine hukatika ndege inapolala ubavu, lakini kosa lake haliongezeki kadiri safari inavyorefuka. Kompyuta huchukua habari za pande zote mbili ikazisahihisha moja kwa nyingine.

Inazisahihishaje? Tuseme Asha amepima urefu wa bustani kwa utepe akapata mita 40, na Juma ameupima kwa hatua akapata mita 46. Utaandika ngapi? Hutaandika 43, kwa sababu utepe hukosea kidogo kuliko hatua. Utaandika tarakimu iliyo karibu sana na 40, lakini habari ya Juma hutaitupa yote. Mwaka 1960 mtaalamu wa hesabu Rudolf Kalman, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alitangaza njia ya kukadiria, hatua kwa hatua, kila chombo kiaminiwe kiasi gani. Njia yake ilitumiwa katika safari za Apollo zilizowafikisha watu mwezini mwaka 1969, na imetumika tangu wakati huo katika ndege nyingi.

Marubani wa majaribio wangali wakiitumia hata ile njia ya Fort Myer. Wakitaka kukihakiki kipimo cha mwendo cha ndege mpya, huchagua njia iliyopimwa kamili ardhini, wakairuka kwenda na kurudi kwa kimo kile kile, kisha wakachukua wastani wa miendo hiyo miwili ili upepo ujifute.